Majina ya Watoto Ndani ya Kompyuta

Voi

Mpenzi Mama Imani,

Natumai mko wazima, na kifua cha mama kimepoa tangu mvua zipungue. Mimi mwili hauna neno, ila moyo unaniuma. Habari hii nimejaribu kukueleza kwa simu mara mbili ikanishinda, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unawajua wateja wangu hapa dukani, akina mama wanaoshuka kutoka milimani niwafungulie barua pepe. Neno la siri ni jina la kifungua mimba, na bado wanalisahau. Basi kompyuta ikiuliza kama ilitunze neno hilo, mimi kwa kujifanya mwema nabonyeza ndiyo.

Mwezi uliopita nilipakua bure programu ya kurekebisha hati, ile ambayo wenzangu huinunua. Maelekezo yakasema nizime kwanza kinga ya virusi. Mwenye nia njema hakuombi ung'oe mlango ndipo aingie, lakini kwa ubahili wangu nikazima. Nilipoifungua, sikuona kitu. Kumbe chinichini ilikusanya maneno yote ya siri niliyohifadhi, pamoja na zile alama zinazofanya usiulizwe neno tena, ikamtumia mwizi aliyeitengeneza, huko nisikokujua. Mashine haikupunguza hata mwendo. Fundi wa kompyuta ndiye aliyenifumbua macho, wiki tatu baadaye.

Aliyeumia kwanza ni Mghoi, msichana wa Werugha, kule milimani, aliyeitwa chuo cha uuguzi. Barua ya chuo imo kwenye barua pepe yake, iliyofungwa kwa jina lake mwenyewe, na mwizi ameshabadilisha neno la siri. Mwisho wa kujibu ni Ijumaa. Jana mama yake alikuja na kabichi mbili, shukrani kwa vile nilimsaidia binti kutuma maombi. Nilimwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliketi, akauliza polepole, "Kwa hivyo huyo mtu, popote alipo, analijua jina la mtoto wangu?"

Kesho naenda na Mghoi hadi chuoni, tukaongee nao ana kwa ana. Niombee.

Nisalimie mama, shemeji fundi baiskeli, na jirani yetu anayekukamulia ng'ombe.

Sasa lile lililonishinda kwenye simu. Ulipokuja Agosti, ulifungua barua pepe yako kwenye mashine hiyohiyo, na ni mimi niliyebonyeza ndiyo. Badilisha neno lako leo, na uamuru vifaa vyote vitoke kwenye akaunti yako, maana mwizi anaweza kuwa bado yumo ndani. Usiweke tena jina la Imani. Nisamehe, mke wangu. Nimempa mtu nisiyemjua jina la mtoto wetu.

Mumeo,
Baba Imani