Mteremko wa Kesho

Jumanne, Ulemo

Bampa imeshapinda, na safari yenyewe ni kesho. Pikapu ya kijiji imezima kabisa, fundi yuko Shelui, na hakuna cha kuivuta hadi huko ila maksai.

Leo Mwenyekiti alifunga mnyororo kwenye bampa kama anayeng'oa kisiki. Nikamwambia, "Mzee, tufunge kwenye chesisi." Akanijibu, "Dereva, maksai hawa wamezoea." Wamezoea! Bampa ikapinda mbele ya kijiji kizima. Sasa mnyororo uko kwenye chesisi. Gia nitaiacha huru, usukani nitashika mwenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni ule mteremko wa kushukia Shelui. Breki hazishiki vizuri, na pikapu ikiserereka itawavunja miguu maksai wa mbele. Mzee Mkumbo, mwenye maksai, akasema wawili tuwafunge nyuma waizuie, kama wanavyoteremsha magogo huku. Nikamwuliza kama watahimili.

"Watahimili," akasema. "Yule mweupe atakayekaa nyuma ni wa mahari ya mwanangu. Ningekuwa na wasiwasi ningemtoa?"

Alidhani ananituliza. Kumbe breki yangu ya kesho ni mahari ya mtoto wa watu.