Na Mlango Uchukue

Shosti, uko wapi? Nimetoka kwenye shoo ya muziki wa panki sasa hivi.

Ile bendi tunayoifuata kila ukumbi imepiga wimbo mpya. Kiitikio: "Ondoka, na mlango uchukue!" Watu wanaruka, mimi nimeganda kama nguzo.

Hayo maneno ni YANGU! Nilimwambia mume wangu siku aliponihama. Na mlango uchukue!

Nikamfuata mwimbaji nyuma ya spika. "Umeyatoa wapi?" Akacheka: "Nimepewa na mtu anayekupenda."

Anayenipenda! Mume wangu hawezi, kwake panki ni kelele za vichaa. Zaidi yake nilimsimulia mtu mmoja tu. Wewe. Kinilacho ki nguoni mwangu?

Mbona naona unaandika, unafuta, unaandika tena? Shosti, sema tu.