Mama Amerudisha Vidonge

Gerejini, benchi la nyuma,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada yangu mkubwa,

Kabla hujaniuliza hujambo, nakujibu: sijambo mpaka naona haya. Ndugu yako nina bahati, watu wakipita wananigusa bega wapate kidogo. Ile presha iliyonifanya nishike ukuta nikiinama kufunga viatu, imekwisha. Imekwisha kabisa! Nimeiondoa kwa kupumua. Si kwa sindano, si kwa vidonge, ni kwa pua hii hii uliyokuwa ukinifuta kamasi. Daktari mzima na miwani yake alinipima, akapima tena, akaitikisa mashine akidhani imekufa. Hapa gerejini wananiita Profesa wa Mapafu, nami naitika, maana cheo cha bure hakikataliwi.

Haya, salamu sasa. Wewe u mzima? Shemeji goti lake limepoa au bado anatembea kama mlango wenye bawaba moja? Wapwa zangu wanakula vizuri? Mwambie yule mdogo kwamba mjomba wake bado ndiye fundi rangi bora kuliko wote, na gari nililopaka mimi hata inzi akitua anateleza.

Utajiuliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani wakati simu ipo. Simu ipo, lakini imebaki na spika tu. Nikiongea nawe, nyumba nzima inasikia, na jirani anachangia. Mambo ninayotaka kukuambia Mama hatakiwi kuyasikia. Ndiyo maana nimekimbilia huku gerejini, najifanya natafuta msasa. Barua hii anakuja nayo dereva wa lori mwenye kipara, yule ninayemnyooshea bodi. Mpe maji anywe, lakini usimpe nafasi ya kuanza hadithi.

Dada, Mama ameacha dawa zake za presha. Nimeandika, na mkono umeniwia mzito.

Ngoja nianze mwanzo. Kuna mzee mmoja hapa mjini, alipiga tarumbeta kwenye bendi maisha yake yote, mpaka mashavu yamelegea kama soksi kuukuu. Sisi tunamwita Tarumbeta. Amekodi chumba juu ya duka la magodoro, na huko anafundisha watu kuvuta pumzi taratibu na kuimba neno moja tena na tena, ili mwili utulie na umri uwe mrefu. Tunakalia magodoro ya dukani, nailoni haijatolewa, kwa hiyo ukijigeuza tu godoro linalia kwiii, na watu wazima wanabana kicheko. Anasema anayehema haraka anayameza maisha yake bila kutafuna. Usicheke. Ukikaa pale ukavuta polepole, ukaitoa pumzi kwa sauti ndefu, hata madeni ya rangi unayasahau. Nilipenda, nikampeleka Mama.

Siku ya kwanza Tarumbeta alituimbisha Ommm, ile sauti wanayoimba watu wa mbali huko. Mama akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, sauti hiyo ng'ombe wa jirani yetu anaitoa kila asubuhi na hajapona kitu." Chumba kizima kikaangua kicheko. Tarumbeta naye akacheka mpaka mashavu yakapepea, akamwambia achague maneno yake mwenyewe, mradi yawe machache na ayapende. Mama akafikiri. Akachagua haya: akivuta anasema moyoni "Nipo," akitoa anaimba "Bado nipo."

Dada, ungemwona! Unajua tangu Baba aondoke kwa presha Mama alivyokuwa. Alikuwa ameshajihesabu ni wa kuondoka. Magauni yake alianza kuyagawa, la kijani akampa wifi yako. Baada ya kuimba kwa muda pale juu ya magodoro alirudi nyumbani akadai gauni lake. "Lete hapa, bado nalihitaji." Wifi yako alikuwa ameshalipunguza kiunoni, ikabidi alifumue. Siku hiyo tulicheka mpaka tukalia, na mimi nikaona kweli nina akili, nimempa mama yangu uhai.

Sasa pale kwa Tarumbeta kuna desturi. Kipindi kikiisha, mtu mmoja husimama akaeleza pumzi imemfanyia nini, wengine wanampigia makofi. Mwanamke mmoja mshonaji alisema amepata usingizi. Mlinzi wa benki akasema ameacha kugombana na mkewe, na mkewe akasema tusubiri kwanza. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Nilisema yale niliyokuambia hapo juu, ya presha kwisha na vidonge kutupwa, na chumvi kidogo. Makofi yalipigwa, Dada! Mama ndiye aliyepiga ya mwisho, wenzake wameshaacha, yeye bado anapiga, machozi yanamtoka.

Tarumbeta hakupiga. Alinifuata kwenye ngazi. "Fundi, nani amekuambia uache dawa?"

"Mwalimu, usinionee wivu."

"Mimi nafundisha watu kupumua, sifundishi kuacha dawa. Mimi mwenyewe nakunywa zangu. Wewe una mdomo mtamu, na watu wana masikio."

Nikamwambia aende akaoshe tarumbeta yake.

Mama alirudi nyumbani, akatia vidonge vyake vyote kwenye mfuko, akavaa gauni la kijani, akatembea mpaka zahanati. Akamkabidhi nesi. "Chukua, mwanangu, wape wagonjwa." Nesi alidhani anataniwa. Hiyo habari sikuipata kwa Mama, niliipata kwa nesi mwenyewe alipoleta pikipiki yake nimpakie tangi rangi. Alikuwa amempima kabla hajamwachia aende. Alinitazama kama mimi ndiye niliyempa Mama sumu, akasema, "Mama yako mashine imepanda naye mpaka nimeogopa kumtajia. Fundi, nenda kaongee na mzazi wako."

Nikaongea. Nani kasema sikuongea? Nilimkuta uani anachambua mboga.

"Mama, nasikia umerudisha dawa."

"Nimerudisha. Za nini tena?"

"Mama, presha si mafua."

"Hiyo presha yako uliipata wapi?"

"Si nimerithi kwako."

"Haya basi. Mtoto ameweza kuifukuza, mimi mwenye mali nitashindwa? Tena wewe pumzi zako zinakwaruza kama msumeno, mimi zangu laini, hata Mwalimu kasema."

Nikaishia kumsaidia kuchambua mboga. Mimi! Wewe unanijua, mimi siku nilipozaliwa nilimjibu mkunga.

Lingekuwa hilo tu, nisingekusumbua. Lakini Alhamisi asubuhi alikuwa ananimiminia chai, kikombe kikamponyoka. Hakukiangalia kikombe. Aliuangalia mkono, kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau mezani. Nikamwita, akanijibu kwa ulimi mzito, akaniita kwa jina la Baba. Ikapita. Kabla sijavaa viatu nimkimbize zahanati alikuwa ameshachukua ufagio, anazoa vigae. "Ni pumzi hiyo, inapita mkononi. Unaogopa nini?" Nilimburuta hivyo hivyo mpaka kwa nesi, ufagio tukauacha mlangoni. Nesi akamtolea vidonge, akampa maji. Mama akamrudishia bilauri imejaa. "Mwanangu huyu hapa alipona bila hivyo. Muulize." Wote wawili wakanigeukia. Nikatazama chini, nikasema sakafu yenu imepasuka, mnahitaji fundi.

Dada, unakumbuka Baba alivyoangusha kijiko mezani tukamcheka? Tukamwambia mzee umelewa na uji? Mimi nakikumbuka kile kijiko. Tangu Alhamisi silali sawasawa na sili sawasawa, na ukisikia mimi sili, ujue kuna jambo.

Gereji hii imegusana na chumba chake, ukuta mmoja. Nikiwa nasugua bodi namsikia anaimba, "Bado nipo... bado nipo..." Akinyamaza naacha msasa. Nasubiri. Jana alinyamaza kwa muda, nikaruka juu ya makopo, rangi nyeupe yote ikamwagika, nikaingia kwake bila hodi. Nikamkuta anachokonoa meno. "Una nini wewe, umekuwa mweupe miguu yote?" Nikasema nilikuja kuuliza saa. Mteja naye bado ananidai mlango wake mweupe.

Kwa hiyo nakuomba, Dada. Wewe ni kifungua mimba wake, na katika dunia hii Mama anakuogopa wewe tu. Mpigie. Mwambie ameze dawa na kuimba aimbe, hivyo viwili havigombani, hata Tarumbeta mwenyewe anasema. Akikuuliza mbona mimi nimepona, mwambie presha ya mwanamume na ya mwanamke haziendi njia moja. Au mwambie mapafu ya fundi rangi yamekomaa kwa moshi, ni kama ya mbuzi. Tafuta lolote, wewe umesoma kunizidi. Ila usimwambie nimekuandikia. Wifi yako nilipomweleza mpango huu hakusifu. Alisema tu, "Maneno ya kumrudisha Mama kwenye dawa unayo wewe mdomoni, unamtuma mtu wa mbali ya nini?" Kisha akaingia jikoni akagonganisha masufuria.

Fanya haraka, tafadhali. Usisubiri mwisho wa wiki.

Msalimie Shemeji na goti lake. Wasalimie wapwa zangu mmoja mmoja, na yule binti wa kati mwambie bado namtania kwamba atarithi sauti yangu. Bibi mshonaji uliyemwacha mtaa wa nyuma anakusalimu sana, na Shangazi mnene anauliza kama bado unaweka chumvi nyingi. Wanangu wanamsalimu shangazi yao na wanataka ajue wamefaulu, wasipoulizwa katika somo gani. Mungu akulinde uendako na ulalapo, akuwekee Mama mpaka umkute amesimama mlangoni siku utakayokuja.

Ni mimi mdogo wako wa pekee, ninayekupenda kuliko ninavyojipenda mwenyewe, na hiyo unajua si kidogo,

Profesa wa Mapafu.

Dada, nimeikunjua tena. Nilikuwa nimeshaikunja, dereva anapiga honi, Mama akaja mwenyewe huku gerejini. Akaketi kwenye benchi karibu nami, akasema tupumue pamoja kidogo maana leo zake haziji vizuri. Tukavuta. Akaweka kiganja chake kifuani kwangu. Akasema, "Wacha nikiguse kifua cha mtu aliyepona, labda kitaniambukiza." Ulikuwa mkono ule ule wa kikombe, Dada. Amefumba macho, anatabasamu, ananingoja nimwambukize.

Usimpigie. Au mpigie baadaye, umtulize, maana atalia, na mimi atanitukana, na nitastahili. Amerudi chumbani kwake, namfuata sasa hivi nimwambie mwenyewe. Dereva nimemwambia azime gari.

Sijapona. Daktari hakutikisa mashine yoyote, aliniongezea dozi. Vidonge nameza kila asubuhi humu gerejini, nimevificha ndani ya kopo tupu la rangi, na hata siku moja sijawahi kuviacha. Nilisema vile kwa sababu walikuwa wanapiga makofi.