Nyasi za Juno

Bendigo, 8 Machi 1998

Kerrin mwanangu,

Natumaini hujambo na kile kikohozi kimekuacha. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ukitoa goti. Juno naye anakusalimu. Amelala hapa miguuni mwangu anapiga mateke usingizini. Walimstaafisha mbio za mbwa miaka miwili iliyopita, lakini naona yeye hajaambiwa.

Nakuandikia kwa shida ya uani. Zile nyasi laini alizopanda marehemu mume wangu Ross hazipo tena. Kila asubuhi Juno anauzunguka mti wa kuanikia nguo kama kaona sungura, na pale anapokojoa panaungua, pamebaki madoa ya rangi ya majani makavu. Mvua ikinyesha ni tope tupu. Juzi niliteleza na kapu la nguo mkononi, shuka zote zikarudi kufuliwa.

Wewe unafanya kazi kwenye shamba la nyasi, mimi nina mbwa mmoja wa mbio na ua mdogo. Niambie nipande nini kisichokufa.

Shangazi yako,
Verna


Windsor, 17 Machi 1998

Shangazi Verna,

Shikamoo, na pole kwa kuteleza. Huku hatujambo. Kikohozi kimekwisha, kazi ndiyo haiishi.

Kwa mbwa kama Juno, panda nyasi ya kikuyu. Haina maringo. Mbwa akiichimbua, inatambaa na kuliziba shimo yenyewe, na ikishapata mizizi huna haja ya kuibembeleza. Tabu yake ni moja, haijui mpaka. Itapita chini ya uzio kwenda kwa Bwana Tranter, na ninavyomjua atakuja kukugongea mlango.

Ya pili ni bafalo, ile ya majani mapana na laini. Inavumilia kivuli, inapendeza macho, lakini ikiumia inachelewa kupona. Na sasa hivi tunaelekea baridi, itachelewa pia kushika mizizi.

Mimi ningechukua kikuyu. Doa la mkojo limwagie maji papo hapo, kabla halijaunguza.

Mwanao,
Kerrin


Bendigo, 14 Aprili 1998

Kerrin mwanangu,

U hali gani? Mimi sijambo, goti ni lilelile.

Usinikasirikie, nimechukua bafalo. Nilimuuliza Doug Tranter juu ya uzio, akaniambia, "Verna, ukipanda kikuyu mimi nafuga mbuzi." Halafu nilikwenda kuziona zote mbili. Ile kikuyu ni nyasi ya kiwanja cha farasi. Bafalo ilikuwa kijani kizito, nikaipapasa kwa mkono, nikafikiria Juno na ngozi yake nyembamba vile atakavyojilaza. Basi nikasema ndiyo hiyohiyo.

Wameileta imeviringishwa kama mikeka, wakaitandaza asubuhi moja. Nimesimama dirishani kama bibi harusi anayetazama keki.

Sasa Juno nimweke wapi? Waliotandaza wanasema asikanyage mpaka ishike, na ua ndio huo mmoja tu. Shemeji Neville ameniambia nimpeleke kwake Echuca kwa wiki chache. Yuko peke yake na mkewe Aileen, na tangu Aileen apate kiharusi nyumba yao ni kimya mno. Unasemaje?

Shangazi yako,
Verna


Windsor, 22 Aprili 1998

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka sana habari za mbuzi wa Bwana Tranter.

Mpeleke Juno Echuca. Na nakuomba, usimrudishe mapema kwa kumwonea huruma. Mbwa wa mbio akikata kona juu ya nyasi ambazo hazijashika anazing'oa zote, na hapo utakuwa umetandaza bure. Shika ukingo wa mkeka uvute kidogo. Ukinyanyuka, bado. Ukigoma, mlete. Mimi nimewaona watu wengi wanaoharakisha, wanalia baadaye.

Mwanao,
Kerrin


Bendigo, 30 Juni 1998

Kerrin mwanangu,

Natumaini mzima. Huku ni baridi ya kukata masikio, lakini tunaamka.

Nimevuta ukingo tena leo. Bado unanyanyuka. Doug anasema nyasi hazioti kwenye umande wa barafu, ningoje jua lirudi. Nyasi zenyewe zimechujuka rangi kidogo lakini zimelala sawa, safi, hata majirani wanachungulia. Nasikia aibu kukuambia kwamba napenda kuzitazama.

Nilimpigia Neville simu, akasema Juno anakula vizuri, nisihangaike. Nilikusudia kwenda kumwona mwezi huu, lakini goti na barabara ile, nikaahirisha. Usiku nyumba inanizidi ukubwa.

Shangazi yako,
Verna


Windsor, 12 Septemba 1998

Shangazi Verna,

Shikamoo. Hujambo kweli? Sijapata barua yako tangu ile ya Juni, na ukipokea simu unaniambia habari za nyasi tu. Juno humtaji.

Nimeisoma tena barua niliyokuandikia Aprili. Niliandika kama muuza nyasi anayemwandikia mteja. Wewe ni shangazi yangu, na yule ni mbwa anayelala miguuni pako. Nyasi zikiharibika zinatandazwa nyingine, hilo ningelisema tangu mwanzo.

Nenda ukamchukue, shangazi. Nenda wiki hii. Usivute ukingo tena. Akizing'oa zote nitakuja na gari la kazini nikutandazie kikuyu, na Bwana Tranter afuge hao mbuzi.

Mwanao,
Kerrin


Bendigo, 2 Novemba 1998

Kerrin mwanangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikuugua. Barua yako niliipata, na Jumamosi iliyofuata nikatandika blanketi kwenye kiti cha nyuma, nikaendesha hadi Echuca. Tangu hapo nimekaa na kalamu mara nyingi nikaiweka chini.

Juno alinijua. Alikuja mbio hadi getini, akanilamba mikono, akaniegemea pajani kwa uzito wake wote, vile mbwa hawa wanavyofanya. Nilisimama pale nalia kama mtoto, nikajiambia, haya, amenisamehe, twende nyumbani.

Ndipo Aileen akaita kutoka kibarazani. "Juno."

Wewe unajua Aileen alivyokuwa. Tangu kiharusi alibaki na "ndiyo", "hapana" na tusi moja ambalo hata Neville hakujua kwamba analijua. Sasa aliita jina lile wazi, kama mtu yeyote. Juno akaniacha, akapanda ngazi, akaweka kichwa mapajani mwake. Mkono wa Aileen, ule uliolegea, ukaanza kujikongoja kuelekea sikio lake.

Neville alikuwa anatazama buti zake. "Alianza Julai," akasema. "Kwanza ilikuwa Ju, Ju. Sasa analiita jina zima, na juzi kaniambia 'maji ya Juno', maneno mawili kwa mpigo."

"Mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Ningekuambiaje, Verna? Mbwa ni wako. Ukimtaka mchukue. Kamba iko nyuma ya mlango."

Hakusema kwa ubaya. Tukanywa chai. Aileen hakunitazama usoni muda wote, alijua kilichonileta. Nilipotoka, Juno alinisindikiza hadi kwenye gari. Nikafungua mlango wa nyuma kama siku zote. Akanitazama, akageuka akatazama kibarazani. Sikumwita. Ningemwita angepanda, nadhani, na ndiyo maana sikumwita.

Nikamwambia Neville, "Anaogopa radi."

"Tunajua," akasema. "Huwa tunamfungulia redio."

Hilo ndilo lililonitoa machozi njia nzima, Kerrin, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikimfungulia redio, na sikuwahi kumwambia mtu.

Usijilaumu kwa ile barua ya Aprili. Wewe uliniambia kikuyu. Ningekusikia, ingeshika kabla ya baridi, na Mei Juno angekuwa hapa anauzunguka mti wa nguo. Ila hapo Aileen angekuwa bado kimya. Nikifika kwenye wazo hilo nainuka nikateleke birika, maana sijui mtu anatakiwa ajute au ashukuru. Siku nyingi najuta.

Najua utaniuliza kuhusu mbwa mwingine. Hapana, mwanangu, si sasa.

Bafalo imeshika. Niliuvuta ukingo jana, ukagoma kabisa. Ni kijani tupu kutoka uzio hadi uzio, haina doa. Krismasi uje. Nimechoka kuzitazama nyasi peke yangu.

Shangazi yako akupendaye,
Verna