Ndala Zako za Kijani Getini Upanga

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimekasirika, na leo sikufichi.

Unazikumbuka Idd zetu? Ulikuwa muuza ndala Kariakoo, na kila asubuhi ya Idd ulinichagulia jozi mpya mezani kwako. Kisha tunaenda Upanga kusalimia ile nyumba uliyoiita "kwa mabwana." Wageni wote walivua viatu barazani, mlangoni. Wewe ulizivua ndala zako za kijani nje kabisa, kwenye geti la barabarani, ukakatiza ua wa saruji miguu mitupu, jua kali, ukazungukia mlango wa jikoni. Mwaka mmoja niligoma kuvua. Ukanifinya sikio.

"Sisi tunavulia hapa."

"Kwa nini, Bibi?"

"Ndivyo tulivyokuta."

Na nyumbani ukatuambia sisi ni Washirazi wa Kilwa, waungwana! Nilijivunia hilo shule nzima. Ukweli nimeusikia msibani kwako, kwa mama mwenye ile nyumba, akiwaambia wanawake mkekani, tena kwa upendo: "Huyu alikuwa mtu wetu. Bibi yake alinunuliwa na babu yangu." Akanywa kahawa yake. Hakuna aliyeshtuka. Mimi hata kulia nilishindwa.

Ndiyo maana nimeandika riwaya. Sura ya tatu ni wewe na lile geti. Juzi mwanao, Mjomba Saidi, kaja kunifokea: "Itoe hiyo sura! Binti yangu anaposwa. Wakwe wakijua tumetoka utumwani, posa inarudi!"

Yaani aliyenunua mtu atembee kifua mbele, aliyenunuliwa ndiye aone haya? Nilimwambia hivyo hivyo. Akaondoka bila kuaga.

Lakini posa ni ya Zaituni, kwa hiyo nilimfuata Kariakoo. Siku hizi yeye ndiye anauza kwenye meza yako. Aliisoma sura yote wateja wakimsubiri, akanirudishia karatasi.

"Dada, iache. Kama ni watu wa kukimbia, wakimbie mapema."

Sura haitoki.

Na wewe nakukasirikia, Bibi. Ungeniambia. Nilikuwa nakukanda nyayo kwa mafuta ya nazi kila jioni ya Idd, nikidhani umechoka kutembea tu. Nikikumbuka zile nyayo nataka kupiga kelele.

Idd hii nilikwenda Upanga peke yangu, na mswada mkononi, wenye nyumba wasije wakasikia kwa watu. Nilipita getini na ndala miguuni. Nikapita ua wote. Nikazivua barazani, mlangoni, katikati ya viatu vya wageni.

Zilikuwa zile zako za kijani.

Pumzika, Bibi. Na huko uliko, usivue kitu getini.

Ni mimi mjukuu wako,
uliyemfinya sikio