Niliandika "Moshi"

Jumatatu, 15 Desemba

Nimekata majani ya ng'ombe kabla ya chai. Nimefagia zizi. Umeme hakuna tangu jana, mti umeangukia nyaya huko chini kuelekea Bomang'ombe. Nimefanya maswali manne ya kemia. La tano limenishinda.

Bibi huniita "daktari" akinikuta na kitabu, na "mvivu" akinikuta bila kitabu. Leo nilikuwa daktari mpaka saa nne.

Alhamisi, 18 Desemba

Baba Mdogo amefika kutoka Dar. Ni mdogo wake marehemu baba. Tangu baba afariki yeye ndiye mwenye kauli hapa Masama, hata akiwa mbali. Mama hapiki wali bila kumuuliza kwa simu.

Ameleta jenereta. Nyekundu, ya kubebeka, watu wawili wanaiinua. Inakula petroli au gesi ya mtungi, hii hii ya kupikia. Ni kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wake, Jumamosi ya tarehe 27. Muziki usikatike.

Kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza. Alikirudisha kwenye boksi bila kukifungua. Alisema mashine inajieleza yenyewe. Nilikiokota.

Ijumaa, 19 Desemba

Siku nzima na kamusi. Nimetafsiri kurasa za hatari tu. Nimeziandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila iliyobaki na mradi wa shule.

Iwashwe nje, hatua kumi kutoka nyumbani, bomba liangalie mbali na milango na madirisha. Izimwe na ipoe kabla ya kuongeza petroli. Ukihamia gesi, funga petroli kwanza. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi, yakitoa mapovu inavuja. Isinyeshewe mvua.

Neno moja lilinisumbua, la kile kinachotoka kwenye bomba. Kamusi ilinipa maneno matatu. Nilichagua ambalo kila mtu hapa analijua. Mstari wa mwisho nikaandika kwa rangi nyekundu: ISIWASHWE NDANI YA NYUMBA, STOO WALA ZIZI. MOSHI WAKE UNAUA.

Mwandiko umetoka mzuri. Nadhani atafurahi.

Jumapili, 21 Desemba

Hakufurahi. Alisoma kwa sauti ya padri mbele ya wajomba waliokuja kunywa mbege baada ya misa. Alitembea hatua kumi uani akiinua magoti kama askari wa gwaride. Sasa naitwa Hatua Kumi. "Hatua Kumi, lete kata nyingine!" "Hatua Kumi, sogeza kigoda, au kipimwe kwanza?"

Bibi naye alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema amepika kwenye moshi tangu akiwa binti, kama unaua angeshazikwa kabla baba yangu hajazaliwa.

Nilicheka pia. Sikujua nifanye nini na uso wangu.

Lakini karatasi ameibandika mlangoni pa stoo. Hakuitupa.

Jumanne, 23 Desemba

Waliijaribu kwa petroli. Moshi mweusi, harufu mpaka kwenye sufuria ya mtori. Bibi alikohoa, akamwambia mwanawe amemletea trekta uani. Wakagombana kwa Kichagga, haraka haraka, sikushika yote.

Nikasema tutumie gesi. Kitabu kinasema inaungua kwa usafi zaidi. Nilifunga petroli, nikaunganisha mpira, nikapaka sabuni. Hakuna mapovu. Ikawaka. Hakuna moshi kabisa. Hata harufu.

Baba Mdogo alisema, "Leo umesaidia."

Naiandika tena ili niisome siku nyingine. Leo umesaidia.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Misa ndefu. Bibi alinipenyezea kipande cha ini la mbuzi ndani ya kanga. Tulikila nyuma ya migomba, yeye na mimi, kama wezi.

Jumamosi, 27 Desemba

Bibi amefariki.

Jumapili, 28 Desemba

Niandike kwa mpangilio.

Jana saa nane mchana Bibi alisema kichwa kinamuuma. Wakasema ni mbege. Nilimsindikiza chumbani. Akaniagiza nifunge dirisha, muziki unampigia masikioni. Nilifunga. Jenereta ilikuwa nje wakati huo, hatua kumi. Nilikuwa nimezihesabu mwenyewe.

Mama akanituma kwa jirani kuazima sahani. Mvua ikanikuta huko. Jirani akanishikilia ninywe chai, nisubiri ipungue. Nilikaa karibu saa nzima.

Niliporudi, muziki bado unapiga, jenereta haipo uani. Ilikuwa stoo. Mlango wameurudishia ili mvua isiingie. Stoo na chumba cha Bibi ni ukuta mmoja, na ukuta wenyewe haufiki kwenye bati.

Nilimwambia Baba Mdogo itolewe. Alikuwa na wageni turubaini. Akanishika mkono mpaka kwenye karatasi yangu, wote wakiangalia.

"Soma hapa, Hatua Kumi."

Nikasoma. Moshi wake unaua.

Akafungua mlango wa stoo. "Haya, Mwalimu, nionyeshe moshi uko wapi."

Haukuwepo. Wageni wakacheka. Mmoja akasema kwake gesi iko jikoni mwaka wa nane, na mke wake anazidi kunenepa tu.

Nikaanza kueleza. Kwamba kuna gesi nyingine inayotoka kwenye bomba, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, tumeisoma kidato cha pili. Kwamba neno nililoandika halikutosha. Nikasema Kiingereza chake ni nini na kwa nini kamusi ilinichanganya. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Nilitaka wanielewe.

Nilieleza neno wakati Bibi yuko nyuma ya ukuta.

Kisha nikamkumbuka, nikakimbia. Mashavu yake yalikuwa mekundu, kama mtu aliyetoka jikoni. Nilifungua dirisha. Nilimtikisa. Nikamwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo sijawahi kulitamka.

Jumatatu, 29 Desemba

Hospitali, daktari alimuuliza Baba Mdogo kama kulikuwa na jiko la mkaa chumbani. Akasema hapana. Ni kweli, hakukuwa na jiko. Hakuulizwa jingine. Hakusema jingine.

Mama alikuwepo. Alisimama akiangalia viatu vyake. Namchukia kwa hilo. Nitaacha kumchukia, lakini siyo leo.

Wanaokuja msibani wanaambiwa ni uzee. Amepumzika. Amekula, amelala, Mungu amemchukua bila mateso. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi wakirudia hivyo hivyo. Nikasema, ni jenereta. Ilikuwa stoo, ikamuua.

Visu vikasimama. Shangazi akaniambia ninyamaze, nina utoto. Baba Mdogo alikuwa mlangoni. Alisikia.

Jumanne, 30 Desemba

Wazee wa ukoo wamekaa asubuhi. Mimi sikuitwa, nililetewa hukumu. Nimemwaibisha baba yangu mdogo mbele ya watu, maiti haijazikwa. Nimpelekee sale.

Sale ni jani. Linaota kwenye mipaka ya kihamba chetu, shamba la ukoo, refu, la kijani. Ukimpelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukataa kukusamehe. Bibi ndiye aliyenifundisha kulichuma. Unachagua lisilo na tundu.

Mama alinichumia, akalifunga fundo kama ilivyo desturi. Akaniambia, "Mpe tu, mwanangu. Ni jani."

Nilipiga magoti. Nikasema shikamoo, nikasema nisamehe Baba Mdogo. Sauti haikukatika, najivunia hilo. Aliangalia jani muda mrefu. Nilidhani hatalichukua. Nilitamani asilichukue.

Alilichukua. Akalitia mfuko wa shati. Akasema nimesamehewa.

Jumatano, 31 Desemba

Tumemzika Bibi kihambani, chini ya migomba, pale tulipokula ini.

Padri alihitaji kipaza sauti na umeme haujarudi. Wakaifuata jenereta. Baba Mdogo alikataa kusaidiwa. Aliiburuta peke yake kutoka ukutani, akiwa na suti, kwenye tope. Nilikuwa upande wa pili wa kaburi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Wengine walidhani anasali.

Alikuwa anahesabu. Alipofika kumi alisimama. Akageuka kuangalia nyumba, dirisha la Bibi. Akaongeza hatua mbili. Akaligeuza bomba likaangalia bondeni.

Hakuniangalia. Jani alikuwa amelihamishia mfuko wa koti, ncha imeanza kukauka.

Hakuna aliyeniita Hatua Kumi leo.

Ijumaa, 2 Januari

Nimekata majani ya ng'ombe. Nimefagia zizi. Baba Mdogo ameondoka na basi la asubuhi, jenereta ameiacha. Mama ameniomba nile. Nimekula.

Swali la tano la kemia nimelipata. Nilikuwa nimesahau kusawazisha upande mmoja.

Mchana nilikwenda stoo na kalamu nyekundu. Karatasi imelowa pembeni lakini inasomeka. Nimekata maneno MOSHI WAKE UNAUA kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake nimeandika: HEWA INAYOTOKA KWENYE BOMBA INAUA, HATA USIPOIONA, HATA UKITUMIA GESI. Nafasi ilikuwa ndogo. Herufi zimebanana.

Nimerudi nyuma hatua kumi kuona kama zinasomeka. Zinasomeka.