Chai Niliyomwomba Mama

Juni 14, asubuhi. Mawingu, na manyunyu tangu alfajiri.

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na mtoto mu wazima, na Mama pia. Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yako huiweka kwenye spika, na haya si ya Mama kuyasikia kwanza.

Kazini tunaendelea. Nina mgonjwa, fundi mwashi aliyepata kiharusi. Namfundisha kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, nami mikono yangu naitia mfukoni, maana nikimsaidia hapa, nyumbani atashindwa. Aliniambia wachoyo amewaona wengi, lakini mchoyo wa vidole, mimi ndiye wa kwanza. Unakumbuka Mama alivyouliza, nilipoanza masomo haya ya kuwafundisha wagonjwa kujihudumia upya, kama kweli kuna mshahara wa kufunga vifungo? Tangu hapo nikawa Daktari wa Vifungo.

Wodini tuna jiko dogo. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi kwake, namwomba anipikie chai. Utamu wake si hoja. Natazama kipi anatanguliza, kama anakumbuka moto, na kama akikatizwa anarudi pale alipoachia. Juzi fundi alipika yake, polepole, akazima jiko bila kukumbushwa. Wenzangu walimpigia makofi. Mimi nilitoka nje, kwa sababu nilikuwa namwona Mama.

Dada, nilipokuja kwenu mwezi uliopita nilimwomba Mama chai, mkanicheka kwamba nimekuja kudekezwa. Sikuwa na kiu. Nilikuwa nimemkuta akitafuta sukari kwenye kabati la nguo. Basi akawasha jiko, akamimina majani kwenye sufuria kavu, mtoto akalia, akaenda kumbeba. Aliporudi aliketi na kuniuliza kama ningependa chai. Sufuria ilikuwa ikitoa moshi nyuma yake. Nikaiepua, akasema ndio uzee huo, tukacheka. Kesho yake nikaomba tena. Akawasha, akatoka kuanua nguo.

Tafadhali, kuanzia leo usimwachie Mama mtoto wakiwa peke yao. Najua unaingia kazini mapema na huna mwingine. Chukua ruhusa, umpeleke Mama kwa daktari. Jina la ugonjwa si langu kulitaja, na huenda ni jambo linalotibika.

Lakini sufuria usimnyang'anye. Apike ukiwa karibu, mikono yako mfukoni, mpaka moto wenyewe ukulazimishe. Ni vigumu kuliko ninavyowaambia jamaa za wagonjwa. Ile mara ya pili nilizima jiko kabla hajarudi ndani, na sasa sitajua kama angekumbuka.

Msalimie shemeji, unibusie mtoto. Mwambie Mama naja Jumamosi, na nitataka chai.

Mdogo wako,
Daktari wa Vifungo

Jana nililala saa tisa usiku. Ukiipata hii nipigie, spika ikiwa imezimwa.